Mkanda wa goti: jeli au mchele?
Mpagazi akishuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka, hufika Moshi magoti yakimuuma. Fundi cherehani anayetaka kumshonea mkanda wa kukanda goti kwa baridi au joto aanze na kitu cha kujazia ndani. Jeli ya maji na propilini glikoli (kimiminika kinachozuia maji kuganda upesi) haigandi ikawa jiwe kwenye friza, kwa hiyo mkanda hukunjika na kulizunguka goti lote. Baridi yake hufaa uvimbe mpya, dakika 15 hadi 20, kitambaa kikiwa katikati. Mfuko ukipasuka, basi tena. Mchele mkavu ni rahisi kupata, hupashwa kwenye maikrowevu (nani anayo?) na hulegeza misuli iliyokaza, lakini haukai na baridi. Tena ushonwe vyumba vyumba, la sivyo wote hutelemkia chini. Mimi ningeshona wa jeli.