Huduma ya kutambua aina za nafaka maabarani, Arusha: tathmini ya mteja

Maabara hii hupima punje za ngano, shayiri na mahindi na kumweleza mteja iwapo ni za aina iliyoandikwa kwenye mfuko. Kikundi chetu cha wakulima wa Siha kilipeleka shayiri, kwa kuwa wanunuzi wa shayiri ya kimea hawataki mzigo uliochanganyika, na kwa macho tu punje za aina mbili huweza kufanana kabisa.

Tulishauriwa tuanze na kipimo cha protini, ambacho ni nafuu kuliko cha vinasaba, na ushauri huo ulikuwa wa haki. Punje husagwa, protini zake ziitwazo hordeini huyeyushwa katika kimiminika chenye alkoholi, kisha huvutwa kwa umeme ndani ya jeli mpaka zijitenge. Jeli ikitiwa rangi, mistari hujitokeza. Mpangilio wa mistari hiyo hutokana na urithi wa mmea, si mbolea wala mvua, kwa hiyo aina moja ikilimwa Siha au Monduli hutoa mistari ileile. Kwa ngano hutumika protini ziitwazo gliadini, na punje ikikatwa ili nusu moja ipimwe, nusu ya pili yenye kiini, yaani sehemu inayoota, bado inaweza kupandwa.

Kasoro yao ni ripoti. Iliandikwa kwamba aina yetu "imethibitishwa", ilhali aina zenye ukoo wa karibu huweza kuwa na mistari sawa ya hordeini. Lililo sahihi lingekuwa kusema kwamba haikutofautiana na sampuli ya rejea, yaani punje za aina inayojulikana zinazotumika kulinganishia, na kuitaja sampuli hiyo. Aidha, kifurushi cha bei ya chini hupima punje 10 pekee. Iwapo punje 5 katika kila 100 ni za aina nyingine, kipimo hicho kina uwezekano wa takriban asilimia 60 wa kutoigusa hata moja, jambo ambalo mapokezi hawalisemi mpaka waulizwe.

Mwenye mahindi chotara aende moja kwa moja kwenye vinasaba, ingawa bei haitamfurahisha: chotara halisi hubeba alama za mama na za baba, na punje iliyotokana na mama kujichavusha hukosa za baba. Picha ya jeli haiambatanishwi na ripoti bila kuombwa, hivyo ni vyema kuidai kabla ya kulipa.