Paka wa jirani anakula vifaranga: ukaongee na jirani mwenyewe au uende kwa mwenyekiti wa mtaa?

Nimepita njia zote mbili hapa Nkuhungu, Dodoma, na kwa kweli ya kwanza ndo naipa nafasi kubwa. Paka wa mama wa nyumba ya pili alikuwa anaruka ukuta alfajiri, siku moja nikakuta manyoya ya kifaranga kwenye tenga na nyayo zimejichora kwenye lile vumbi letu jekundu, hasira zikanipanda lakini nikasubiri jioni nikaenda kubisha hodi, "shikamoo mama, nina shida kidogo". Hakuwa anajua kabisa! Tukakubaliana paka afungiwe ndani usiku mpaka jua litoke, mimi nikabana tenga kwa waya, na tukamwita daktari wa mifugo akamhasi maana dume asiyehasiwa anazurura mbali na kupigana sana, chanjo ya kichaa cha mbwa akapigwa hapohapo coz paka nao wanaugua.

Kwa mwenyekiti ni tofauti. Nilienda kumshtaki jirani mwingine mwenye paka, ambaye nikimwambia alikuwa ananifokea tu. Faida yake kuna shahidi na makubaliano yanaandikwa, ila ukishamwita mtu ofisini mbele za watu salamu zinapungua, mpaka leo tunapishana kimya. Huko nenda kama umebisha hodi mara mbili tatu husikilizwi, au mtu akianza kutishia kuweka sumu, hapo usingoje hata siku moja, sumu inaua mbwa na kuku, na mtoto anaweza kuiokota.