Matofali ya Mbao Kutoka kwa Seremala: Uzoefu Wangu wa Miezi Tisa

Tunaishi ghorofa ya pili huko Sinza, Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili, sebule, na kibaraza ambacho watu wazima wawili hawapishani mpaka mmoja arudi nyuma. Uwanja hakuna. Watoto wangu ni wawili, wa kiume mwenye umri wa miaka mitatu na nusu na wa kike aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi minne tulipoanza, na masika yaliyopita yaliwafungia ndani wiki kadhaa mfululizo hadi televisheni ikawa ndiyo yaya wao. Mvua zilipokatika niliamua kuitenga pembe moja ya sebule iwe yao, na katika muda wa miezi miwili nikaingia gharama ya vitu vitatu: mtelezo wa plastiki, mikeka ya povu, na matofali ya mbao niliyomwagiza seremala wa Keko. Viwili vya kwanza nitavieleza kwa kifupi, kwa sababu kilichonifanya niandike ni hicho cha tatu.

Mtelezo niliununua Kariakoo kwa shilingi 260,000. Ni ule wa rangi nyekundu na njano, wenye ngazi tatu upande mmoja na kikapu kidogo cha mpira kando yake. Sababu ya kuununua haikuwa ya kipuuzi: mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji walau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kumtoa jasho, nami nilikuwa na mtoto aliyekuwa akikaa kitako tangu uji wa asubuhi hadi mchana. Wiki ya kwanza hawakutaka hata kula. Kufikia wiki ya nne mtelezo ulikuwa umegeuka mahali pa kutundikia masweta, kwa sababu kitu kinachofanya jambo moja tu mtoto hukimaliza haraka kama anavyomaliza pipi. Mwezi wa pili ukapata ufa pale sehemu ya kutelezea inapojishika kwenye ngazi, na niliporudi dukani nikajibiwa kwamba mali ikishavuka mlango hairudishwi. Hivi sasa uko kibarazani, na ninauanikia taulo. Hayo ya jasho tunayapata kwa godoro la zamani la futi nne tunalolitandika sakafuni jioni ili waruke hadi wachoke, nalo halikunigharimu chochote.

Mikeka ya povu nimeridhika nayo, ingawa ina masharti. Nilinunua vipande tisa vyenye upande wa sentimita 60, vile vinavyoshikana kwa meno pembeni, kwa shilingi 45,000, na vikiungwa vinatoa mraba wa mita 1.8 kwa 1.8, ambao unaenea vizuri nyuma ya kochi baada ya kulisogeza mbele kidogo. Vilipofunguliwa vilinuka vibaya sana. Nilikuwa nimewahi kusoma kwamba mwaka 2010 Ubelgiji iliizuia sokoni mikeka ya aina hii kwa sababu ya kemikali iitwayo formamidi inayotumika katika kutengeneza povu, kwa hiyo nilivianika kibarazani siku nne nzima kabla ya mtoto kuvikalia, na harufu ikapungua hadi kutosikika. Sharti la pili ni ukingo. Vile vijiti vyembamba vya kufungia pembeni vilitafunwa na binti yangu siku ya tatu, akanyofoa jino zima la povu, nami nikalikuta bado liko shavuni mwake. Vijiti vyote viliingia kwenye ndoo ya taka siku hiyo hiyo, na mikeka inakaa vizuri bila vyenyewe.

Sasa nije kwenye matofali.

Vipimo vyake si vyangu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwalimu mmoja wa New York aitwaye Caroline Pratt alibuni vipande vya mbao tupu, visivyo na rangi wala picha, vyenye uwiano usiobadilika: unene ukiwa moja, upana ni mbili na urefu ni nne. Kwa sentimita ni karibu 3.5 kwa 7 kwa 14. Hicho ndicho kipande cha msingi. Vingine vyote ni nusu yake, mara mbili yake, au mara nne yake, na ndiyo maana nusu mbili zikipangwa mwisho kwa mwisho zinalingana sawasawa na kimoja, na vipande viwili vikilazwa kimoja juu ya kingine vinafikia upana wa cha tatu kilichosimamishwa kwa ubavu. Shule nyingi za awali duniani zinatumia vipimo hivyo hadi leo. Seti zinazotoka nje niliziulizia bei nikanyamaza. Nikachora vipimo kwenye karatasi ya daftari, nikapanda bajaji hadi Keko, mahali ambapo mabaki ya mbao za makabati na vitanda hulundikana kando ya karakana na mengi huishia jikoni kwa mama ntilie.

Niliagiza vipande 80: vya msingi 40, nusu 20, vya mara mbili 16, na virefu vya mara nne vinne. Fundi aliitazama karatasi yangu, akanitazama na mimi.

"Sasa dada, vibao themanini unakwenda kujengea nini?"

"Ni vya watoto kuchezea, fundi."

"Basi nikuchongee gari la magurudumu. Ndicho wanachokipenda."

Tukakubaliana shilingi 95,000 pamoja na mbao, mchanganyiko wa mtiki na paini, vilivyopigwa randa pande zote, kingo zikalainishwa, na msasa wa namba 120 ukifuatiwa na 220. Nilimwomba asipake vanishi, kwa kuwa mtoto wa mwaka mmoja hujua vitu kwa mdomo, nami sikutaka awe analamba nisichokijua.

Mzigo wa kwanza ulikuwa na kasoro, na ninaieleza kwa urefu kwa sababu yeyote atakayeagiza kwa fundi wa kawaida ataikuta. Kwa macho vipande vilikuwa vizuri. Lakini nilipokaa sakafuni na kijana wangu tukapanga nusu mbili kando ya kipande cha msingi, zilipungua kwa takriban milimita tatu, na mnara wa ghorofa sita ulilala upande kama mlevi. Nilivirudisha. Tulipokaa na fundi kutafuta sababu, tuliiona kwenye vumbi lililokuwa chini ya msumeno wa meza: jino la msumeno lenyewe linakula karibu milimita tatu za mbao kila linapopita. Alikuwa amechukua ubao wa sentimita 14, akapiga mstari katikati kwenye saba, akakata juu ya mstari, na kila nusu ikatoka na upungufu. Kwa mguu wa kitanda hilo si neno, kwa sababu miguu yote minne hupungua pamoja, lakini kwa matofali ya aina hii ndilo jambo lenyewe, kwani hesabu yote iko hapo. Dawa aliivumbua mwenyewe: alipigilia kibao cha kuzuilia juu ya meza, sentimita saba kamili kutoka kwenye jino, akawa anasukuma ubao hadi ugote kisha anakata, bila tepu wala kalamu. Nusu 20 mpya zilitoka pacha. Hakuniongezea bei, ila alisema kwa kunung'unika kwamba hajawahi kukatishwa vitu vidogo namna hiyo kwa usahihi namna hiyo.

Mama mkwe wangu alifika kutoka Muheza siku ambayo mzigo wa pili uliingia. Aliinua gunia, akasikia uzito, maana seti nzima inakaribia kilo 20, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umenunua kuni?" Nilimtajia bei akashika kiuno. Lakini jioni nilimkuta amekaa mkekani, kanga amejifunga kiunoni, akimwita mjukuu, "Njoo mume wangu, unijengee nyumba yangu." Mtoto akazungusha ukuta wa matofali hadi ukafunga pande zote. Bibi akauliza, "Na mimi napitia wapi?" Kijana alikaa kimya, akachomoa kipande kimoja cha chini ili apate mlango, na ukuta mzima ukamporomokea miguuni. Mara ya pili alichomoa tena. Mara ya tatu, bila kuelekezwa na mtu, alisimamisha vipande viwili wima, akaacha nafasi, akalaza kimoja kirefu juu yake. Nilikuwa nakuna nazi na niliacha kukuna.

Katika miezi tisa sijaona wiki iliyopita bila matofali hayo kuguswa. Vya mara mbili ni mabasi ya mwendokasi, vya mara nne ni daraja la Kigamboni, na nusu ni abiria, au mihogo, au sabuni, kutegemea nani anauza nini siku hiyo. Akija binamu yao wa miaka sita anajenga ghorofa zenye ngazi, mwanangu anajenga barabara kuzielekea, na yule mdogo kazi yake ilikuwa kubomoa, hadi alipofikisha karibu miaka miwili akaanza kupanga viwili, vitatu. Mwezi uliopita kijana aliniita jikoni kunionyesha kwamba nusu nane zinafunika kirefu kimoja, "hazizidi wala hazipungui, mama." Sijawahi kumfundisha sehemu wala kugawanya, na sina haraka ya kumfundisha.

Kasoro zipo, na si ndogo. Kipande kimoja cha msingi cha mtiki kina zaidi ya gramu 200, na kikianguka kutoka mezani juu ya kidole cha mguu hakuna wa kukuambia kwamba ni kitu cha kuchezea. Sheria ya nyumbani ni kwamba tofali halirushwi; likirushwa, yote yanarudi kwenye rafu hadi kesho. Kelele ni kasoro ya pili. Jirani wa chini alipanda mara mbili, mara ya kwanza kwa salamu ndefu, mara ya pili kwa salamu fupi. Mikeka ya povu ilizima mlio, lakini ikaleta tatizo jipya, kwa kuwa povu hubonyea na mnara hausimami juu ya kitu kinachobonyea. Tulilimaliza kwa kulaza kipande cha plaiwudi cha futi nne kwa nne juu ya mikeka: juu ni tambarare, chini ni laini, na jirani sasa tunasalimiana vizuri. Kama ningeanza upya, ningeinunua hiyo plaiwudi siku ile ile ya mikeka.

Mahali pa kuyahifadhi pia pana umuhimu kuliko nilivyodhani. Mwanzoni niliyatia kwenye tenga la plastiki, na mchezo wa kwanza wa kila asubuhi ulikuwa kulipindua, kusikiliza kishindo, kisha kuondoka. Fundi alinitengenezea rafu ya wazi, yenye kimo cha sentimita 40 na pana kuliko ilivyo ndefu kwenda juu, ili mtoto akiipanda isimwangukie, kwa kuwa mwenye nyumba hataki skurubu ukutani. Vipande vikikaa kwa aina yake, kila kimoja kikionekana, watoto wanavichukua kwa kuchagua, na kuvirudisha kwenyewe kumekuwa mchezo. Sikutarajia hilo.

Kwa wenye watoto chini ya miaka mitatu, nawasihi wasimruhusu fundi kuongeza vidogo vya urembo. Wangu aliniwekea kwa hisani vigurudumu vinane vya mviringo vyenye kipenyo cha sentimita tatu hivi. Nilivipitisha katika lile bomba la kadibodi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha, ambalo ni kipimo rahisi cha kujua kama kitu kinaweza kumkaba mtoto. Vyote vilipita, na vyote nimevifungia kabatini hadi binti yangu atakapokua. Kagueni pia vibanzi kila baada ya wiki chache, hasa kwenye paini, ambayo ni laini na pembe zake huchanika zikigongana. Mimi hukaa na kipande cha msasa wa 220 nikiwa natazama taarifa ya habari. Mtiki haujanisumbua hata mara moja, na nikiagiza tena nitasema mtiki mtupu hata kama bei itapanda.

Kuhusu idadi, 80 zinatosha watoto wawili, na 40 zinamtosha mmoja kwa kuanzia mradi ziwe na nusu za kutosha, maana nusu ndizo zinazogombewa. Virefu vinne havikutosha hata kidogo. Nimemwagiza fundi vingine vinane pamoja na miteremko sita ya pembetatu, na juzi alinipigia simu kuuliza kama ile karatasi ya vipimo bado ninayo, kwa sababu na yeye ana mtoto wa miaka minne nyumbani na kile kibao cha kuzuilia bado kimepigiliwa pale pale juu ya meza.