Ratiba "binafsi" ya CPA niliyouziwa Arusha

Kama unajiandaa na CPA, mitihani ya taaluma ya uhasibu, na uko Arusha, kuna kituo cha masomo ya jioni hapa mjini kinachouza kitu wanachokiita ratiba binafsi. Usiinunue.

Darasa ni jambo jingine, nitalifikia. Nazungumzia ratiba, ambayo haimo kwenye ada. Unatoa shilingi 60,000 juu, unajaza fomu kuhusu kazi yako, saa unayofika nyumbani na masomo yaliyobaki, kisha unaambiwa mratibu atakupangia kulingana na maisha yako. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya utalii. Nilijaza kila kitu. Niliandika kwamba Juni hadi Oktoba wageni ni wengi na ofisini tunatoka usiku. Kwamba kila mwezi tarehe 7 ni PAYE na SDL (kodi ya mishahara na tozo ya kuendeleza ujuzi), tarehe 20 ni ritani ya VAT, na Septemba ikiisha kuna awamu ya kodi ya mapato inayotakiwa kulipwa. Mtihani wa Novemba unakuja wageni wakiwa ndiyo kwanza wamepungua. Vitabu ninavyo na moyo wa kusoma ninao. Kilichokuwa kinanishinda ni kujua wiki ipi nisome nini bila ofisi kunivuruga, na hicho ndicho nilichokilipia.

Risiti nilipewa ya kuandikwa kwa mkono. Kituo kinachofundisha wahasibu, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakuna. Hilo nalo lijulikane.

Ratiba ikaja: karatasi za rangi, jina langu juu kabisa. Niliisoma kwenye kifodi nikirudi Sakina. Saa nne za kusoma kila jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, Agosti na Septemba zikiwa nzito kuliko miezi yote. Jaribio la kwanza tarehe 7, la pili tarehe 20, kana kwamba ile fomu niliijaza ili wajue siku za kunikomoa. Nikaendelea kushuka mpaka wiki ya nane, nikakuta pameandikwa: "Maswali 90 ya kuchagua, dakika 135."

Aliyewahi kukaa kwenye pepa ya CPA anajua kwamba hakuna kitu kama hicho. Pepa yetu ni saa tatu, na unaandika: unakokotoa, unaonyesha njia, unatoa hoja. Maswali 90 kwa dakika 135 ni kipindi kimoja cha CFA ngazi ya kwanza, mtihani wa wachambuzi wa uwekezaji wa taasisi ya Marekani, wenye maswali 180 ya kuchagua yaliyogawanywa vipindi viwili. Chini ya ukurasa huohuo pameandikwa "lengo: saa 300", na hizo ni saa ambazo CFA Institute huwashauri watahiniwa wake kwa ngazi moja. Maadili yamepewa karibu moja ya tano ya muda wote, kama uzito wake kwenye mtihani ule. Kodi, somo ninaloliogopa kuliko yote, imechomekwa mwishoni, wiki moja tu. Kuna mtu alichukua mpango wa mtihani mwingine, akafuta majina ya masomo, akaweka ya kwetu, akauza.

Nilikwenda Jumamosi kabla ya kipindi. Mratibu alikuwa mapokezi anakunywa chai, wanafunzi wamepanga foleni. Nikamsalimia vizuri, nikaweka karatasi mezani, nikamwonyesha ile wiki ya nane kwa kidole. "Kaka, hizi dakika 135 zimetoka wapi?"

Hakuitazama. Alishusha kikombe chake juu ya karatasi, pale pale kwenye jina langu, akanitazama mimi. "Dada, wenzako wako benki, wana watoto, na ratiba hiyohiyo wamefaulu nayo. Kama unajiona huwezi, subiri Mei."

Ratiba hiyohiyo! Alitamka mwenyewe, mbele ya foleni nzima. Na mimi sikusema siwezi, nilimuuliza swali. Nilipoomba pesa yangu, dada wa mapokezi akanijibu kwa sauti ya chini kwamba ya ratiba hairudishwi. Yeye simlaumu. Karatasi nimeitunza, na duara la chai liko juu ya jina.

Lakini hasira isinifanye nimdhulumu mtu. Mwalimu wa kodi wa hapo hana mfano. Posho ya uchakavu, ile sehemu ya bei ya mali unayoruhusiwa kuitoa kwenye faida kila mwaka kabla ya kodi, niliikariri chuoni bila kuielewa. Yeye alichora Land Cruiser ya watalii ubaoni, akaiweka daraja la kwanza la mali, asilimia 37.5, akaipunguza mwaka hadi mwaka kwenye salio linalobaki mpaka darasa zima likawa linamtangulia kutaja jibu. Kwa ajili yake ningesema nenda, lipia darasa, ratiba waachie.

Na hapo ndipo napandwa upya. Mwalimu huyohuyo alinikuta kwenye korido siku ile, akaniuliza tunafunga hesabu za mwezi lini, akageuza daftari langu nyuma akaandika kwa kalamu: masomo mazito kuanzia tarehe 8 hadi 18, siku za ritani swali moja fupi, usilale bila kulifanya, kodi kila wiki tangu mwanzo, Oktoba pepa nzima za saa tatu, kwa mkono, simu imezimwa. Hakuchukua hata robo saa, wala hakunidai kitu. Kumbe kituo kina mtu anayeweza kazi hii, ila wamemweka mezani yule wa kikombe.

Kwa hiyo hata darasa sasa sijui nilisemeje. Nilitaka kumalizia kwa kuwaambia mwende. Nikikumbuka "subiri Mei", nasema msiwape hata mia. Nikifungua daftari nyuma, narudi kulekule: yule mwalimu msimkose, hata kama ni kwa kupita mapokezi bila kusimama.

Mimi nadai 60,000 yangu na risiti halali. Na kama umeuziwa ratiba hiyo, fungua wiki ya nane uangalie kabla hujaanza kuifuata.