Spider-Man 2: ya pili imeipiku ya kwanza

Kwa wenye vibanda vya gemu pale Kondele, Kisumu: gemu hii ya 2023 haiingii kwenye PS4 (PlayStation 4), hata ubembeleze. Kwa upande wa PlayStation, inataka PS5 na nafasi ya karibu GB 100.

Ya kwanza, ya 2018, ilikuwa Manhattan tupu, kipande kimoja cha jiji la New York. Sasa kuna Queens na Brooklyn, na mto unavukwa kwa mabawa: ukiwa hewani bonyeza kitufe cha pembetatu, tafuta mkondo wa upepo. Ukiukosa, unashuka polepole hadi majini.

Mapigano ndiyo yamenoga. Zamani ulishikilia kitufe cha R1 ili gurudumu la kuchagulia vifaa lifunguke, mdundo ukakatika. Sasa ni R1 na kitufe kingine kimoja, basi. Mapigo mengine hayakwepeki: gonga L1 yakikaribia. Ukiwahi mno, unakula ngumi. Hadithi? Fupi kidogo.