Boma la Iringa: nyota 4, ya tano namdai mwenye bajeti

Kamwene wadau. Mtu akiniuliza mji wa Iringa una nini cha kuona kabla hajakimbilia Ruaha kwenye tembo, jibu langu siku hizi ni moja tu, ingia Boma kwanza. Ni lile jengo la zamani la Mjerumani katikati ya mji, tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni, unatembea tu kwa mguu kutoka sokoni wala huhitaji bajaji.

Ndani ni vyumba vyumba, kuta nene za enzi zile, hata jua likiwaka nje humo ndani kuna ubaridi wake (na wa Iringa mnatujua kwa baridi, mwezi wa saba njoo na sweta). Unaona maisha ya watu wa nyanda za juu kusini, vyombo, picha za zamani, na habari za Mkwawa, mtwa wa Wahehe, ambazo wengi wetu tulikariri shuleni ili tufaulu mtihani tu, vita ya Lugalo 17 Agosti 1891, kamanda wa Wajerumani Zelewski akafia pale na askari wake, halafu miaka saba ya kuwindana mpaka Julai 1898 mzee akajimaliza mwenyewe kuliko kukamatwa. Ukishapita hapo ndo uende Kalenga, kama kilomita 15 hivi, ukaone fuvu lenyewe la Mkwawa. Lile fuvu lilitajwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles 1919, ule wa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kwamba Ujerumani ilirudishe, na bado likaja kurudi 1954 kutoka Bremen. Ukienda Kalenga bila kuanzia Boma utaona fuvu kwenye kioo, basi, ukianzia Boma unaelewa kwa nini lipo hapo.

Duka la vitu vya mikono nalo lisikupite. Vikapu vya nyasi za milulu vya huku, kishike kwanza kabla hujauliza bei, binya mdomo wake uone unavyorudi wenyewe, pitisha kidole kwenye msuko uone kama kuna sehemu imelegea, haipo. Kile kitu mama amekaa nacho siku kadhaa ameinama, sasa wewe unataka akushushie kama nyanya za Miyomboni, jamani. Huduma nzuri, wanaotembeza wageni wanaongea kwa kutulia na wanakujibu hata swali la kijinga. Kiingilio chetu Watanzania hakifiki hela ya kilo ya nyama.

Sasa picha linaanza hapa. Hilo jengo kukarabatiwa na kuwa makumbusho ni mradi wa Chuo Kikuu cha Iringa kwa hela ya Umoja wa Ulaya. Sina ubaya na hela ya mzungu, tumeshukuru sana, ila hebu tuhesabu, Mjerumani alijenga, Ulaya ikakarabati, zamu yetu sisi ni lini? Maana mradi wa mfadhili una tarehe ya kuisha lakini bati halina tarehe ya kuacha kuvuja, umeme unakuja kila mwezi, wafanyakazi wanakula kila siku, na kwa kiingilio cha hela ya mboga hakuna makumbusho duniani yanayojiendesha yenyewe, hata huko kwao hayapo. Ukipandisha kiingilio ndo umemfukuza mwananchi, anabaki mtalii peke yake anasoma historia ya babu zetu.

Kuna shule moja ya msingi ya serikali huku mtaani ilipanga kupeleka watoto makumbusho, vizuri sana, ila ikaja barua wazazi wachangie nauli na kiingilio. Wa kwangu akaenda. Mwenzake wa nyumba ya pili ambaye wanakaa dawati moja hakwenda, mama yake anauza mbogamboga na wiki ile mambo yalikuwa magumu. Jioni nawasikia nje wa kwangu anamsimulia mwenzie vita ya Lugalo kwa fimbo, anachora chini, huyu Mkwawa, hawa Wajerumani. Mtoto wa Iringa, wa Uhehe kabisa, anasimuliwa Mkwawa na mwenzake kwa sababu nauli imekosekana. Hiyo nauli halmashauri inashindwa kweli?

Najua mtaniambia mfuko upo. Ndio upo, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo na unakopesha, na kule halmashauri kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba, kikundi cha ngoma kikijisajili kinaweza kuomba. Ni vizuri na mimi sipingi, kijana wa studio akope anunue mashine atarudisha, ana biashara. Ila nina babu yangu kijijini anapiga ligombo, ule ubao mrefu wenye uzi unaokwenda na kurudi na kibuyu chake cha kukuza sauti, waliobaki wanaojua kulipiga kijijini kwetu ni wazee watupu. Babu akope milioni 2, arudishe na nini? Apige ligombo kwenye send-off gani, siku hizi ukumbi mzima ni dijei na ngoma yetu ya kiduo inawekwa dakika tatu mama mkwe aingie. Huyo hahitaji mkopo, anahitaji posho kila mwezi na vijana wachache wa kumfundisha, yaani ruzuku, hela inayotoka na hairudi, kama tunavyofanya kwa vitu vingine vingi bila kuona aibu. Mi Yanga damu na Goli la Mama, ile zawadi ya Rais Samia kwa timu zetu kwenye mechi za Afrika, nililipigia makofi, milioni 5 kwa goli moja, safi kabisa. Sasa goli moja tu la kule lingempa babu posho ya mwaka mzima na chenji ya kununua spika.

Halafu kuna wale wa "hospitali kwanza, utamaduni baadaye". Aisee. Nyerere alikuwa na hospitali ngapi 1962? Nchi ina mwaka mmoja tangu uhuru na akaanzisha wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Uingereza waliunda baraza lao la kugawa hela ya serikali kwa sanaa 1946, vita ndo kwanza imeisha, miji imebomolewa, chakula bado cha mgao, na mgao wenyewe ukaja kuisha 1954. Hawakusubiri watajirike. Na siombi mabilioni, naomba kwenye kitabu cha bajeti cha halmashauri pawepo mstari unaosomeka utamaduni na sanaa, wenye tarakimu mbele yake, siyo ngoma zinakumbukwa siku ya mwenge au waziri akija, wanachezeshwa juani tangu asubuhi halafu wanapewa soda na "asanteni sana wazee wetu". Diwani wako akija kuomba kura muulize huo mstari una shilingi ngapi, akianza kuhutubia kuhusu uzalendo ujue ni sifuri.

Turudi Boma. Nyota 4 kwa wanaofanya kazi pale, ya tano wala siyo kosa lao. Nendeni asubuhi, watoto wapeni daftari na kalamu, hela ndogo ndogo za kikapu wekeni pembeni. Mkitaka kuunganisha na Isimila kwenye zile nguzo za udongo na zana za mawe, ni kama kilomita 20 barabara ya Mbeya, kubalianeni bei na bodaboda ya kwenda na kurudi kabisa hapa hapa mjini maana kule kupata usafiri wa kurudi ni mtihani.