RTS,S au R21: chanjo ipi ya malaria?

Ukitaja chanjo ya malaria huku Likoni wengi wadhani ni moja, kumbe ziko mbili. RTS,S ya kampuni ya dawa ya GSK ndiyo kongwe, magharibi mwa Kenya walianza kuitumia 2019, WHO ikaipendekeza 2021. R21 ni ya Chuo Kikuu cha Oxford na kampuni ya Serum Institute ya India, ikafuata 2023, na majaribio yake yalifika hadi hapo Kilifi kwa majirani zetu.

Zote dozi nne, na zote zimetiwa kiamsha kinga kitokacho kwa gome la mti wa Chile, makubwa haya!

Sasa kwa nesi ndo utaona tofauti: RTS,S ni unga, lazima auchanganye na maji yake kwanza, na ikipita masaa sita yamwagwa, R21 yaja maji tayari, avuta tu na sindano. Bei nayo, R21 ni dola 2 hadi 4 kwa dozi, mwenzake alianzia zaidi ya yuro 9.

Nguvu je? Watu wapenda kuonyesha ile 75% ya R21, yaani ilivyopunguza visa vya malaria kwa majaribio, lakini hazijapambanishwa uso kwa uso, kwa hivyo mtu asikwambie imeshinda. Ningekuwa mnunuzi ningechukua R21, mzazi yeye achukue iliyopo tu, na neti isitolewe kitandani.